Jani Lililotobolewa

Mabibi na mabwana, kabla sijasema lolote naomba tutazame tawi hili hapa ukutani. Majani yake yametobolewa, na moja limebaki mshipa mtupu. Wachoraji wengi wa maua wa zama zile wangechagua jani zima, safi. Maria Sibylla Merian alichora matundu, akamchora na kiwavi aliyeyatoboa, kisha pupa, yaani kiwavi aliyejifungia ndani ya ganda akigeuka, kisha nondo aliyetoka humo, wote kwenye mmea mmoja.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1647. Baba yake wa kambo, Jacob Marrel, alikuwa mchoraji wa maua, na kwake ndiko alikojifunzia kushika brashi. Akiwa na miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri, halafu wa aina nyingine. Siku hizo wengi, wasomi wakiwamo, waliamini wadudu huzuka wenyewe tu kwenye matope na uozo. Binti huyu aliwaona wakitoka kwenye mayai. Ilibidi awatafutie majani mabichi, na si majani yoyote, kwani kiwavi wa mmea huu mara nyingi hagusi majani ya mmea ule. Ukikosea chakula, wanakufa, na subira yako yote imepotea. Watu husifu mkono wake. Mimi naanza na ufugaji, kwa sababu aliyemlisha kiwavi kwa wiki nzima hahitaji kubuni idadi ya miguu yake.

Kitabu chake cha kwanza cha viwavi kilitoka 1679, kikiwa na mabamba 50, yaani kurasa za picha zilizochapwa. Miaka 20 baadaye, akiwa na umri wa miaka 52, aliuza picha zake apate nauli, akapanda meli kwenda Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika Kusini, na binti yake Dorothea.

Huko msituni njia alifyekewa na watumwa, na mengi aliyoyajua kuhusu mimea aliambiwa na Waafrika na wenyeji wa asili. Katika maelezo ya mmea mmoja wa maua mekundu na manjano aliandika kwamba wanawake watumwa hutumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Sehemu hiyo siwezi kuisoma haraka. Kiwavi na dhuluma vimo katika maelezo ya picha moja.

Kuna pia picha ya mpera ambamo buibui mkubwa anamla ndege mdogo. Baadaye walitokea waliosema ameizua, mpaka Henry Walter Bates, mtafiti Mwingereza wa viumbe, alipowakuta Brazili ndege walionaswa na buibui wa jamii hiyo. Kosa lipo, na tusilifiche: kwenye kiota alichora mayai manne, na ndege wa aina ile hutaga mawili.

Maradhi yalimrudisha Amsterdam mwaka 1701. Mwaka 1705 akatoa mabamba 60 ya Suriname. Naomba taa zipunguzwe, tuanze na la kwanza: nanasi, na mende wakitambaa juu ya majani yake.