Kiumbe Asiye na Pointi za Uhai

Asanteni, karibuni tena vitini. Mliosimama kule nyuma, huku mbele bado kuna nafasi, na viti havina wenyewe.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumtoa kiumbe kwenye masimulizi ya watu na kumwingiza katika mchezo wa kuigiza wa mezani, ile michezo ya dadu, karatasi za wahusika na msimamizi anayesimulia yanayotokea. Mada ni pana, tukiifuata yote tutakesha. Nitashika mfano mmoja tu: watu wadogo wa Wakree.

Wakree ni moja ya mataifa makubwa ya wenyeji asilia wa Kanada. Ni zaidi ya watu 200,000, na nchi yao ya jadi inaanzia Alberta, inakata Saskatchewan, Manitoba na Ontario, mpaka Quebec upande wa Ghuba ya James. Kusini-magharibi ni mbuga za nyasi. Kaskazini ni misitu, maziwa yasiyo na idadi, na majabali ya kale yanayoshuka wima hadi majini. Lishikeni hilo jabali linaloingia majini, maana ndipo wanapoishi watu wetu.

Wanaitwa memekwesiwak, akiwa mmoja, memekwesiw. Kimo chao ni cha mtoto mdogo. Nyuso zao ni nyembamba, na katika masimulizi mengine zina nywele. Wanakaa ndani ya mwamba au kwenye kingo za mito, na wanasafiri kwa mitumbwi ya mawe. Huko mbugani husemwa kwamba vile vichwa vya mishale vya mawe vinavyookotwa ardhini ni kazi ya mikono yao. Kaskazini, kwenye majabali kuna michoro ya kale iliyochorwa kwa udongo mwekundu, na wapo wazee wanaosema waliochora ni hao hao.

Kuna kisa kinachosimuliwa na Wakree na pia na jirani zao Waojibwe, na kila msimulizi anakipamba kivyake. Wavuvi wanatega nyavu jioni, asubuhi wanakuta samaki wamechukuliwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Wanaamua kuvizia. Alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya maji, wanauona mtumbwi mdogo umesimama kwenye nyavu zao na watu wadogo ndani wakichomoa samaki. Wavuvi wanapiga makasia, wanakaribia. Wale wadogo hawainui silaha. Wanainamisha vichwa hadi chini kabisa ya mtumbwi, wanaficha nyuso. Wanaona haya kutazamwa. Huku wameinama hivyo hivyo, mtumbwi unaelekea moja kwa moja kwenye jabali, jabali linafunguka, linawameza, linajifunga. Wavuvi wanabaki wanagusa jiwe.

Haya. Sasa mpe kisa hicho mtunzi wa michezo. Atafanya nini? Atafungua daftari na kuandika: ukubwa: mdogo; pointi za uhai, yaani kiasi cha mapigo anachostahimili kabla ya kufa: 7; kiwango cha kinga: 15; shambulio: mshale wa jiwe; hazina: vipande vya fedha kwa hesabu ya dadu mbili. Amemaliza kwa dakika tano, na simsemi kwa ubaya, ndivyo tulivyofundishwa na fomu yenyewe. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ilikuwa imechipuka kutoka kwenye michezo ya vita ya vinyago vya askari, na katika sheria zile za mwanzo mhusika alikua kwa kuua na kwa kuokota hazina. Kiumbe aliandikwa ili ijulikane anauawaje. Mwaka 1980 mchezo huohuo ulitoa kitabu kilichopanga miungu ya mataifa mbalimbali, wakiwamo wa wenyeji wa Amerika Kaskazini, kila mmoja na pointi zake za uhai. Vijana wakaenda kuwapiga. Ungetarajia nini?

Msemo wangu wa leo ni huu, na sitauzungusha: ukitaka kumwingiza memekwesiw kwenye mchezo, usimpe pointi za uhai hata moja. Katika kisa nilichowasimulia hakuna aliyepigwa. Kuna wizi wa samaki, kuna haya, kuna mlango wa mwamba. Na kuna jambo la nne sijalitaja, nalo ndilo kubwa: dawa. Wakree husimulia kwamba mtu mwenye uwezo, yule aliyejaliwa kwa ndoto na mfungo, anaweza kuingia ndani ya jabali, kukutana na hawa wadogo, na kutoka na dawa ambayo mwanadamu hana. Anatanguliza tumbaku. Ninyi na mimi hilo tunalielewa bila kufafanuliwa: mkono mtupu haulambwi. Uhusiano wote na memekwesiwak umesimama juu ya kupeana, na mchezo unaomgeuza kuwa shabaha umetupa kiini na kubaki na ganda.

Basi tumwandike. Nilimjaribisha mezani na kikundi ninachochezea, na sheria zilizobaki baada ya kukatwakatwa ni chache.

Ya kwanza ni haya, yaani ile aibu ya kutazamwa. Badala ya uhai, kiumbe huyu ana Haya, inayoanzia sifuri na kuishia tano. Mchezaji akisema mhusika wake anamkodolea macho, inapanda moja. Akiutaja uso wake, inapanda mbili. Akicheka, msimamizi aongeze bila kumwonya. Ikifika tano mtumbwi unageuka na jabali linajifunga, na hakuna kurusha dadu ya kuzuia. Mtaona wachezaji wanavyobadilika. Mmoja wetu, jamaa ambaye kawaida ni wa panga kwanza maswali baadaye, aliamua mhusika wake akae ameupa mgongo mto muda wote wa mazungumzo, akiongea huku anatazama msitu. Hakuna kanuni iliyomlazimisha.

Ya pili ni biashara. Anayetaka dawa aweke kitu kwanza, na asiulize bei. Msimamizi ndiye anayeamua kama kimepokelewa. Ninapendekeza vitu vyenye historia kwa mhusika, si sarafu. Sarafu ndani ya mwamba zina kazi gani? Dawa ikitolewa, itolewe na deni: sharti la kufuata, nalo liandikwe kwenye karatasi ya mhusika kwa wino, si penseli.

Ya tatu ni nyavu. Mnahitaji sababu ya kukutana, na njaa ni sababu nzuri kuliko ramani ya hazina. Kambi ya wavuvi, samaki wanapotea, majira ya baridi yanakaribia. Wachezaji wanadhani wameitiwa mwizi. Waacheni wadhani.

Uwezo wake mwingine pitieni haraka tu: anaingia kwenye jiwe, anajificha vizuri, anachonga jiwe kuliko fundi yeyote. Msimjaze uchawi wa moto na radi. Kila mtu ana kiumbe wa moto na radi.

Sasa linakuja suala ambalo najua baadhi yenu mmelisubiri mkiwa mmekunja mikono: kwani ni wetu? Si wetu. Na hawa si watu wa kale waliobaki kwenye kioo cha makumbusho. Wakree wapo, wana waandishi, wana wachoraji, na wengine wanacheza michezo hii hii. Sheria za Kanada zilibana ngoma na ibada za wenyeji tangu mwishoni mwa karne ya 19, na makatazo hayo hayakuondolewa hadi 1951. Watoto walipelekwa shule za bweni ambako walizuiwa kusema lugha za mama zao. Kwa hiyo masimulizi yaliyofika kwetu yamefika kwa sababu kuna bibi na babu walioyatunza kwa gharama. Yapo mengine ambayo kwa desturi husimuliwa majira ya baridi tu, theluji ikiwa imeifunika ardhi. Mtu mwenye desturi ya namna hiyo hasimulii ovyo.

Na tumeshaona ovyo inavyofanya kazi. Wihtikow, yule mla watu wa majira ya njaa, amepita kwenye michezo na filamu nyingi mpaka leo watu wanamchora na fuvu la paa na pembe ndefu. Pembe hizo hazimo katika masimulizi ya Wakree, zimebandikwa na watengeneza burudani wa zama zetu. Tena wapo Wakree wengi wasiopenda hata kulitaja jina lake, na sisi tumelipatia kiwango cha ugumu na bei dukani.

Wengine hushauri: badilisha jina, iwe mambo kwisha. Sikubaliani nao. Ukibaki na mtumbwi wa mawe, uso ulioinamishwa, mwamba unaofunguka na tumbaku, halafu ukamwita jina la kubuni, umebadilisha namba za gari la wizi. Mezani kwenu, mnapocheza marafiki wanne sebuleni, litumieni jina lenyewe na mseme wazi hawa ni wa nani. Mkitaka kuuza, tafuteni mwandishi wa Kikree, mlipeni, na jina lake liwe juu ya jalada pamoja na lenu. Akisema sehemu fulani haiingii, haiingii. Hata kama ndiyo mliyoipenda zaidi. Bajeti ikiwa haitoshi, hapa pwani kuna vibwengo, na bara kila kabila lina wake; nendeni kwa bibi zenu, nao pia msiende mikono mitupu.

Naona mkono pale. Ndiyo, dada.

Dada anauliza: je, wachezaji waking'ang'ania kupigana? Swali zuri, maana lazima atatokea mmoja. Mwache arushe dadu yake yenye nyuso 20. Hata akipata 20, mshale wake umegonga jiwe. Jabali limejifunga, mtumbwi haupo. Kisha usimwadhibu kwa radi wala laana, endelea na mchezo kama kawaida. Wiki inayofuata wavuvi wanavuta nyavu tupu. Ikifuata nyingine, tupu. Mhusika wake akiumwa, dawa haipo. Na siku akiamua kurudi pale jabalini, muulize swali moja tu: umebeba nini?

Haya, mwingine. Kaka mwenye kofia.