Damu Isigande, Lakini Isimwagike

Asanteni. Nazungumzia dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zinazolenga fakta ya 11, mojawapo ya protini za kugandisha damu. Warfarin, dawa ya zamani ya kazi hiyo, siielezi. Kila daktari na muuguzi aliyemo humu ameshambembeleza mgonjwa aje kupima INR, kipimo cha damu inavyoganda, akaja baada ya miezi akiwa na michubuko mwili mzima. Naanza na hadithi yangu, mlioisikia, nivumilieni.

Mwaka 1953 huko Marekani, Rosenthal na wenzake waliandika habari za madada wawili na mjomba wao. Wakikatwa tonsili au waking'olewa jino, damu haikatiki. Siku nyingine zote ni wazima: viungo havivimbi kwa damu kama kwa wenye himofilia tuliyoizoea. Walichopungukiwa ni fakta ya 11. Baadaye ikajulikana kwamba upungufu huo ni wa kawaida zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, kwa hiyo madaktari wa Israel wakapata watu wa kutosha kuwafuatilia. Mwaka 2008 Ophira Salomon na wenzake wakatoa hesabu: watu 115 wenye upungufu mkali, wote wa miaka 45 kwenda juu. Kwa kawaida wangepata viharusi vinane hivi vya damu kuganda. Kilipatikana kimoja. Kimoja! Na shambulio la moyo je? Hapana, huko hawakukingwa; Salomon na wenzake walishasema wenyewe mwaka 2003. Nalitaja kwa sababu wauza dawa hupenda kulisahau.

Ukijikata, damu ina njia nyingine ya kuziba. Fakta ya 11 hasa hulikuza donge lililokwisha kuanza. Ndiyo maana kuna abelacimab, kingamwili ya maabara inayoikamata fakta hiyo kabla haijaamka, sindano moja kwa mwezi. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya wagonjwa 412 waliobadilishiwa goti: kwa enoxaparin, sindano ya kawaida ya kuzuia damu kuganda, asilimia 22 walipata madonge kwenye mishipa, kwa dozi moja tu ya abelacimab ya miligramu 150, asilimia 4. Hapo hata mimi nilikaa kimya.

Halafu ukaja utafiti wa AZALEA wa abelacimab, wagonjwa 1,287 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Septemba 2023 ukasimamishwa mapema kwa kuwa waliochomwa sindano hiyo walivuja damu kidogo mno kuliko wa rivaroxaban, kidonge cha kuzuia damu kuganda. Watu wakashangilia. Jamani! Hata maji ya kunywa hayamvujishi mtu damu. Na viharusi, ambavyo dawa inapaswa kuvizuia, je? Utafiti ule haukuwa na ukubwa wa kujibu hilo. Miezi miwili baadaye asundexian, kidonge kinacholenga fakta hiyohiyo, kikasimamishwa katika utafiti wa OCEANIC-AF: viharusi vilizidi vya waliotumia apixaban, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda. Utaniambia kidonge si sindano, huenda hakikuziba vya kutosha. Sawa. Nionyeshe hesabu ya viharusi kwa sindano, nitanyamaza.

Na wagonjwa wetu, wale wa valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi? Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliolinganisha rivaroxaban na warfarin, uliwahusisha Waafrika. Wengi tulidhani rivaroxaban ingeshinda. Waliotumia warfarin na dawa za jamii yake ndio waliokufa wachache. Kwa hiyo mtu akinishauri nisubiri, dawa itafika tu, namuuliza: imejaribiwa kwa nani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bei na majokofu tuyaache. Moja tu: sindano ya mwezi haitoki mwilini kesho. Mgonjwa akigongwa na bodaboda wiki ya pili, akahitaji upasuaji usiku huohuo, mna mpango gani? Haya, maswali.