Maji Yanayoharibu Nyumba Mpya

Ndugu zangu, wengi wenu mnajenga au mnanunua nyumba Goba, Madale, Chanika, Kigamboni, hapa Dar es Salaam. Mkifika sebuleni macho huenda kwenye vigae na dari ya jipsamu. Leo naomba tuzungumzie maji. Zege la mji huu hupewa maji mengi mno wakati wa kuchanganywa, kisha hunyimwa likishamwagwa.

Chukueni mfuko mmoja wa saruji, kilo 50. Kwa zege la nguzo na linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), maji yake ni lita 25 hivi: ndoo ya lita 20 na robo ya nyingine. Mchanga ukiwa umelowa, punguzeni. Fundi huongeza mpaka zege liwe uji, maana uji hushuka wenyewe kati ya nondo, na koleo ni kazi ya kuvunja mgongo. Lakini maji yasiyotumiwa na saruji hutoka baadaye na kuacha vitundu. Mfuko huohuo ukipewa lita 35, nguvu ya zege hupungua karibu theluthi. Tena hapa pwani, vitundu hivyo ndiyo njia ya chumvi kuifikia nondo; kutu huvimba, zege hupasuka na kubanduka. Zege likigoma kushuka, lishindiliwe kwa vaibreta (mashine ya kutikisa zege), au kwa kipande cha nondo. Maji ya kisima yaonjwe: yakiwa ya chumvi, yasiguse zege lenye nondo.

Kesho yake, zege likishamwagwa, eneo linabaki tupu, jua linawaka. Saruji haikauki kama udongo, inakomaa kwa maji. Funikeni magunia, mwagilieni asubuhi na jioni siku 7 kwa uchache. Mirunda inayoshikilia slabu ikae wiki 2 hadi 3.

Matofali ya kando ya barabara ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Tofali la inchi 6 lina ujazo wa lita 15 hivi. Mfuko wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi. Anayetoa matofali 50 kwa mfuko ameitwisha sehemu moja ya saruji sehemu 20 za mchanga, na huyauza siku ya tatu hayajamwagiliwa. Plasta huficha yote hayo. Kwa hiyo mnunuzi apande darini, ambako ukuta mara nyingi haujapigwa plasta, akwaruze tofali kwa msumari. Mchanga ukimiminika, amuulize muuzaji mfuko ulitoa matofali mangapi, kabla bei haijatajwa.