Theluji Haitulii

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Naomba nianze na maneno mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya: barafu na theluji. Maji yakiganda ndani ya ndoo, hiyo ni barafu. Theluji nayo, ingawa mara nyingi huanza na kitone kidogo kilichoganda, haikui kwa maji. Hukua kwa mvuke. Mvuke ulio hewani hung'ang'ania kile kitone, ambacho ndicho mbegu ya theluji, na kugeuka kuwa kitu kigumu bila kupitia hali ya maji. Ndiyo maana ina umbo, na ndiyo maana umbo hilo lina habari ndani yake.

Hata hiyo mbegu haipatikani kirahisi. Tumefundishwa shuleni kwamba maji huganda kwenye nyuzi sifuri. Mawinguni, kitone kisicho na uchafu wowote kinaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 za Selsiasi chini ya sifuri. Kinachokigandisha mapema ni kitu cha kushikilia, na mara nyingi kitu hicho ni chembe ya vumbi la udongo. Likumbukeni hilo vumbi, tutakutana nalo tena.

Mwaka 1611 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, aliuliza swali ambalo mtoto yeyote angeweza kuliuliza: kwa nini chembe ya theluji ina pembe sita, si tano wala saba? Alikisia kwamba jibu limo katika namna vitu vidogo sana vinavyojipanga vikibanana. Alikuwa kwenye njia sahihi, ila chombo cha kuonyesha mpangilio huo hakikuwapo. Ilibidi mionzi ya eksirei isubiriwe kwa karne tatu. Leo tunajua kwamba molekuli za maji zikiganda hushikana kwa duara za sita sita.

Mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, aliunganisha kamera na hadubini, na mwaka 1885 akapiga picha ya fuwele moja ya theluji, yaani chembe moja yenye umbo lake la kupangika. Hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Kisha akaja mwanafizikia Ukichiro Nakaya kule Hokkaido, Japani. Yeye hakuridhika kutazama. Mwaka 1936, ndani ya chumba cha baridi kali, aliikuza fuwele ya theluji kwenye ncha ya unywele wa sungura. Akibadilisha baridi na kiasi cha mvuke, umbo linabadilika: karibu nyuzi 2 chini ya sifuri hupatikana visahani bapa, karibu nyuzi 5 hupatikana sindano, na karibu nyuzi 15, mvuke ukiwa mwingi, hutoka yale matawi yanayofanana na unyoya. Maana yake ni kwamba anayeokota chembe ya theluji mkononi anaweza kusoma hewa iliyopita huko juu.

Wengi huishia kwenye uzuri huo wa picha. Kwangu mimi, sehemu kubwa zaidi ya habari huanza theluji ikishatua. Hakuna kitu kigumu cha kawaida kinachoishi karibu na joto lake la kuyeyuka kama theluji, na kitu kilicho katika hali hiyo hakitulii. Matawi hukatika, punje huungana, tabaka hushuka na kujibana.

Tazameni linalotokea baridi inapokuwa kali na theluji ikiwa nyembamba. Theluji mpya huwa hewa kwa sehemu kubwa, hata tisa katika kumi, kwa hiyo hufunika ardhi kama blanketi. Chini kabisa joto hukaa karibu na sifuri, juu kuna baridi ya kutisha. Mvuke hupanda kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, na njiani huzinyonya punje ndogo na kujenga punje kubwa zenye kingo kali, kama sukari ya chenga. Ukizishika zinamwagika, kwa sababu hazishikani. Baadaye dhoruba inaleta tabaka nene na zito juu yake. Kwa macho, mlima ni mweupe na umetulia. Ndani yake umejengwa juu ya sukari.

Mtu mmoja akipita, uzito wake huvunja lile tabaka dhaifu la chini, ufa hukimbia kuliko anavyoweza kukimbia yeye, na upande mzima wa mlima huachia. Katika ajali nyingi zinazowaua watu wanaoteleza kwenye theluji kwa mchezo, aliyeamsha poromoko hilo la theluji ni mhanga mwenyewe au mwenzake. Aliyefukiwa akitolewa mapema, ndani ya kama dakika 10 au 15, ana nafasi nzuri ya kuishi. Zikipita hizo, nafasi hushuka vibaya, kwani hewa humwishia. Hii ndiyo sababu Waswisi walipanda hadi Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos, wakaanza mwaka 1936 kuchimba mashimo kwenye theluji na kuipima tabaka kwa tabaka. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, na kila ninapofikiria watu waliookolewa na shimo na koleo, naiheshimu sayansi isiyo na makuu.

Sasa maji. Zaidi ya watu bilioni moja duniani hutegemea mito inayolishwa na theluji na barafu ya milimani. Lakini kupima kimo cha theluji kwa rula kunadanganya: mita moja ya theluji mpya inaweza kutoa sentimita 10 tu za maji, au pungufu, ilhali mita moja ya theluji ya mwisho wa msimu hutoa 40. Aliyelimaliza tatizo hilo alikuwa mwalimu wa Kilatini, James Church wa Nevada, Marekani. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 alipanda Mlima Rose na bomba la chuma, akalidunga kwenye theluji hadi chini, akalitoa, akalipima kwenye mizani. Uzito ndio ukweli. Kutokana na uzito huo aliweza kusema kabla ya theluji kuyeyuka kwamba Ziwa Tahoe litapanda kiasi gani. Leo setilaiti hutazama kutoka angani, na bado watu hupanda na bomba.

Nirudi kwenye vumbi. Theluji safi huakisi asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Bahari iliyo wazi haifikishi hata 10. Weupe huo unaipoza dunia. Vumbi la jangwani likitua juu yake, au masizi ya moto na injini, weupe unafifia, joto linaingia, na theluji inaondoka kabla ya wakati wake. Kwenye milima ya San Juan, Colorado, vumbi linalopeperushwa kutoka nyanda kame limepimwa na kuonekana likiharakisha kuyeyuka kwa wiki kadhaa. Mkulima wa bondeni huletewa mafuriko asiyoyahitaji, kisha anakosa maji mazao yanapokuwa na kiu.

Watafiti wa huko huchimba shimo kila majira ya kuchipua na kuhesabu mistari ya kahawia ndani ya ukuta mweupe. Kila mstari ni dhoruba moja ya vumbi, iliyofunikwa na theluji iliyofuata. Theluji ya juu ikiyeyuka, mistari hiyo hufichuka mmoja baada ya mwingine na kurundikana pamoja juu, na uso unazidi kuwa mweusi siku zilezile jua linapozidi kuwa kali. Kwa hiyo hupima kila mstari uko sentimita ngapi kutoka juu, wakakadiria siku utakayofika kwenye jua, na kuwatumia taarifa wanaosimamia mito huko chini.