Verdicchio: mvinyo ulioponzwa na chupa yake

Habari za mchana, jamani. Najua wengi wenu hamnywi, na sitawaomba mnywe. Kazi yenu katika hoteli za Malindi na Watamu ni kumpa mgeni Mwitaliano chupa inayokwenda na alichoagiza, na hilo mtaliweza bila kuonja tone.

Mvinyo wa leo ni mweupe, nao ni Verdicchio dei Castelli di Jesi. Unatoka mkoa wa Marche, mashariki ya Italia, kwenye vilima vilivyo nyuma ya bandari ya Ancona.

Kilichouponza ni chupa. Mwaka 1953 kampuni ya Fazi Battaglia ilipata chupa iliyobuniwa na Antonio Maiocchi, ya kijani, yenye kiuno, mfano wa mitungi ya kale ya udongo. Ikapendwa mno. Watu wakawa wananunua umbo, na mwingi wa mvinyo uliotiwa humo ulikuwa mwepesi tu, hauna lolote. Ndiyo maana mkimtajia jina hili Mwitaliano wa makamo huenda akakunja uso. Msibishane naye. Mmiminieni kidogo, mnyamaze.

Ataona nini? Rangi ya majani makavu, yenye kijani kwa mbali. Akinusa, tufaha bichi, limau, pengine shamari. Mdomoni uchachu unamwamsha, halafu akishameza, kwa nyuma ya ulimi, unabaki uchungu mdogo wa lozi. Huo uchungu ndio alama yake. Mgeni akilalamika kwamba mvinyo ni mchungu, usikimbilie kubadilisha chupa. Kwanza angalia baridi yake. Ukitolewa kwenye barafu umeganda, harufu hulala, ukabaki uchachu na uchungu peke yake. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha.

Sasa chakula, ambacho kwangu ndicho kiini. Wavuvi wa Ancona wana mchuzi wao uitwao brodetto, ambao kwa desturi huhesabiwa samaki wa aina 13, ukapikwa kwa nyanya na siki. Siki ni adui wa mvinyo: mvinyo usio na uchachu ukikutana nayo huonekana kama maji. Verdicchio unasimama kwa sababu zabibu zake hazipotezi uchachu hata zikiiva sawasawa. Kanuni ndiyo hiyo: mvinyo usizidiwe uchachu na sahani.

Uchachu huohuo hukata mafuta. Kusini ya mkoa huo, Ascoli Piceno, huchukua zeituni kubwa za kijani, wakatoa kokwa, wakajaza nyama ya kusaga, wakazichovya kwenye yai na chenga za mkate, wakazikaanga. Kula tatu, kunywa funda moja, mdomo uko safi, unataka ya nne. Kwa hiyo kalamari wa kukaanga, kamba, hata sungura wa kuokwa kwa shamari, vyote mnaweza kuvipeleka na chupa hii.

Kuna ndugu yake, Verdicchio di Matelica, kutoka bonde la ndani zaidi lililozibwa na milima lisipate upepo wa bahari. Usiku kule ni baridi, na mvinyo wake huwa mkali, umejikaza zaidi. Mimi ndio ninaoupenda, ila ni mchache sana.

Halafu mkiona neno Riserva, jueni umelazwa angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa, na ukiwekwa vizuri unaweza kukaa miaka mingi ukizidi kunoga. Kwa mvinyo mweupe, hilo ni nadra.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu samaki wa kupaka. Tui ni zito na lina utamu, kwa hiyo mpe mgeni Riserva, ule mwepesi utapotea. Ila mwambie mpishi apunguze pilipili, maana ikizidi, ule uchungu wa lozi nao huzidi.