Si Kila Mdomo Mwekundu ni Kwelea Kwelea

Ndugu zangu wakulima wa Pawaga na Idodi, mkoani Iringa, jambo hili nimelisema katika mikutano mingi na nitalisema tena: mshigi mwenye mabawa ya kijani, ndege mdogo mla mbegu, ana mdomo mwekundu kama kwelea kwelea, lakini hahusiki na hasara ya mpunga wenu. Mtazameni vizuri kabla ya kumrushia jiwe. Dume ana uso na koo vyekundu, kichwa cha kijivu, mgongo wa kijani, na tumbo lenye michirizi myeupe na ya kijivu, ilhali jike hana wekundu usoni. Kwelea kwelea ana mgongo wa kahawia wenye michirizi. Mtu anawezaje kuwachanganya?

Nitaambiwa kwamba ndege ni ndege, na kila mwenye mdomo hula nafaka. Hapana. Kwelea kwelea hushuka shambani kwa makundi makubwa mno, lakini mshigi hutembea wawili wawili, akiokota chini mbegu ndogo za nyasi pamoja na mchwa.

Tena mshigi hulea mtoto asiye wake. Fumbwe wa mkia mrefu, yule mnayempenda kwa madaha yake angani, hajengi kiota. Jike lake hutaga katika kiota cha mshigi, ndani ya kichaka cha miiba, na makinda ya pande zote mbili hulelewa pamoja. Fungua kinywa cha kinda la fumbwe utaona alama zinazofanana na za kinda la mshigi, ndiyo maana wazazi hulilisha bila kulibagua. Dume la fumbwe hujifunza hata wimbo wa baba mlezi na kuuiga akikomaa, kama alivyoeleza mtafiti Mjerumani Jürgen Nicolai mwaka 1964. Kwa hiyo anayemmaliza mshigi anamnyima fumbwe mlezi.

Sumu ya fenthioni inayopuliziwa kwelea kwelea haichagui. Humuua pia mshigi aliyejenga katika kichaka kinachopuliziwa. Ombi langu ni moja: bwana shamba akija kukagua vichaka kabla ya kupulizia, mfuatane naye, mkamwonyeshe vile vyenye viota vya mishigi.