Umebonyeza sevu, sasa faili iko wapi? (mhadhara kwa vijana wa Lamu, nimeuandika kama nilivyousema)

Assalam aleikum warahmatullah. Ahsanteni kwa kufika, najua kila mtu ana shughuli zake na alasiri haiko mbali, kwa hivyo naingia moja kwa moja. Sisi tunaoandika programu kuna kitu hatukitazami: ukishaandika kwenye faili, hayo maandishi yako wapi? Na wakiandika wawili kwa wakati mmoja, nani anamsubiri nani?

Wengi mtasema yako kwenye diski. La, bado. Programu yako ikiita write, yaani amri ya kuandika, kerneli, ule moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta, inazipokea zile baiti, inaziweka kwenye memori, halafu inakujibu sawa nimepata. Imepata kweli, lakini haijaziweka mahali pa kudumu. Ukurasa ule wa memori unaitwa mchafu manake haufanani na ulioko kwenye diski, na kwenye Linux, kama hujabadilisha kitu, unaachwa hivyo mpaka utimize sekunde 30 hivi, ndo wale wafanyakazi wa nyuma wa kerneli wanaoamka kila sekunde 5 wanakuja kuusukuma. Sasa chukua karani anayeandikisha mizigo kwenye gati ya Mokowe, kompyuta yake ni ya mezani haina betri, ameingiza magunia ya mashua nzima, skrini ikamwambia imehifadhiwa, mara stima ikapotea. Kazi imekwenda. Na mimi hapo ndo huwa naumia jamani, sababu yule karani hakukosea popote, ni sisi tuliomwambia imehifadhiwa na hatuna hakika nayo.

Dawa ipo, inaitwa fsync. Ukiita fsync unasimamishwa pale pale, hurudi mpaka data ya faili ile ifike kwenye diski na diski yenyewe iamriwe imwage keshi yake ya ndani, manake hata diski ina memori yake. Wenye Mac muangalie, kule fsync ya kawaida haiilazimishi diski imalize, wameweka amri nyingine inaitwa F_FULLFSYNC.

Mtu ataniambia, lakini ext4, ule mfumo wa kupanga faili unaotumika sana kwenye Linux, si ina jarida? Ndiyo, inalo, na jarida ni sawa na mwenye duka anayeandika kwanza kwenye kijidaftari cha mkononi kabla hajagusa daftari kubwa, likitokea la kutokea anarudi kwenye kijidaftari. Lakini kwa mpangilio wa kawaida ext4 inaandika humo habari za mpangilio wa faili tu, majina na saizi na mahali zilipo, maandishi yako wewe hayamo. Jarida linaulinda mfumo wa faili usiharibike, halikuahidi kulinda risiti ya mtu.

Mwaka 2009 jambo hili lilileta kelele kubwa. Ext4 ilikuwa mpya, inachelewesha kugawa nafasi kwenye diski ili iende kasi, basi watu kompyuta ikizimika ghafla wakiwasha wanakuta faili zao za mipangilio zina baiti 0. Theodore Ts'o, anayeisimamia ext4, akasema programu ndizo zenye makosa, hazikuita fsync. Kisheria alikuwa sawa, lakini mtumiaji hajui POSIX ni nini, ile kanuni ya jinsi mifumo inavyotakiwa kufanya kazi, na nashukuru kwamba yeye huyo huyo aliweka kinga ndani ya kerneli kwa ile hali ya faili mpya kuchukua jina la faili ya zamani. Njia salama mpaka leo ni hiyo: andika faili ya muda, ita fsync, ibadilishe jina ikae juu ya ile ya zamani, halafu ita fsync ya folda pia, sababu jina linakaa kwenye folda, halikai ndani ya faili. Hii ya folda wengi wanaisahau.

Na fsync ikirudisha kosa je? Hapa sikizeni sana. Mwaka 2018 watu wa databesi ya PostgreSQL waligundua kwamba diski ikishindwa kuandika, Linux inakupa kosa mara moja tu, kisha ule ukurasa unahesabiwa msafi, ukiita fsync tena inakwambia sawa! Na data haiko. Miaka yote walikuwa wanajaribu tena wakidhani ndo uangalifu. Mwaka 2019 wakabadilisha, sasa fsync ikikataa databesi inajizima yenyewe halafu inajijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake. Kwa hivyo usijaribu tena ukaridhika, andika upya kutoka pale unapopaamini.

Haya, kufuli, yaani kile kinachomfanya mwingine asubiri wewe unapoandika. Kufuli za faili kwenye Linux ni za hiari, za amri ya flock na za fcntl zote mbili, yaani zinafanya kazi kama kila programu inauliza kabla ya kuingia, asiyeuliza anapita tu. Zile za kulazimisha zilikuwepo na mwaka 2021 kwenye toleo 5.15 zikaondolewa kabisa. Kufuli ya fcntl ya zamani ina balaa moja, ni ya prosesi nzima, yaani programu yote inavyoendeshwa, kwa hivyo maktaba yoyote ndani ya programu yako ikifungua faili ile ile halafu ikaifunga, kufuli yako imeachiliwa na hakuna aliyekwambia. Tangu toleo 3.15, 2014, kuna aina inayoshikana na ule ufunguzi wenyewe, tumieni hiyo au flock.

Sasa lile lililonileta. Kufuli na fsync ni ahadi mbili tofauti. Karani wa kwanza ameshika kufuli, ameandika malipo yameingia, ameachia, fsync bado. Wa pili anafungua, anasoma kwenye memori, anaona malipo yameingia, anatoa mzigo. Stima ikikatika hapo mzigo umetoka na malipo hayapo kwenye rekodi yoyote. Kufuli ilifanya kazi yake vizuri kabisa! Kwa hivyo fsync kwanza, kufuli uachie baadaye, hata kama ni polepole. Na kufuli usiiweke kwenye faili ile ile unayoibadilisha jina, sababu kufuli inashika inodi, ile rekodi ya faili yenyewe kwenye diski, na sio jina, ukishabadilisha yule wa pili anashika inodi mpya na wewe uko na ya zamani, wote mko ndani. Weka faili ya kufuli pembeni isiyobadilishwa kamwe.

Kama yote haya ni mengi, tumia SQLite, databesi ndogo inayokaa ndani ya faili moja, mpangilio wake wa synchronous uwe FULL, na faili ikae kwenye diski ya mashine hiyo hiyo, usiiweke kwenye folda ya mtandao ambapo kufuli haziaminiki.

Naona mikono imeinuka, tuanze na dada yule wa nyuma.